Tusiwavute vijana na kuwakalisha wazee

Asubuhi moja hapa Merti walinijia wagonjwa wawili wakifuatana. Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 19, winga wa kulia, aliyeingia akirukaruka kwa mguu mmoja huku amemshika mwenzake begani. Kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimevimba kama embe. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuteguka katika msimu mmoja. "Wamenivuta vizuri, daktari, lakini bado," aliniambia. Wenzake walikuwa wamemkalisha kando ya uwanja, mmoja akashika kisigino, mwingine vidole, wakavuta mpaka kikalia.

Wa pili alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mfugaji wa ngamia ambaye ameitembea nyika hii tangu utotoni. Magoti yake yalikuwa yamekakamaa. Alikuja kuomba dawa ileile ya maumivu, na katika mazungumzo akataja kwamba amenunua kiti cha plastiki cha kupeleka msikitini kwa kuwa hawezi tena kusujudu. Nilimwuliza tangu lini. Akanitazama kwa upole akasema, "Tangu uliponiambia niyapumzishe magoti, daktari."

Nilifungua kadi yake. Ni kweli, mwandiko ulikuwa wangu. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nimemwandikia vidonge na neno moja: pumzika. Naye, kwa kuwa ni mtu anayeheshimu maneno ya daktari, alipumzika.

Ndugu msomaji, kosa la wachezaji wale na kosa langu ni kosa moja lililogeuzwa. Kijana ambaye kiungo chake kilikuwa kimelegea, walimvuta kilegee zaidi. Mzee ambaye viungo vyake vilikuwa vimekaza, nilimkalisha vikaze zaidi. Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo hili, kwa sababu naamini linawatesa watu wengi kuliko inavyohitajika, na dawa yake haiuzwi dukani.

Kiungo cha mwili kina kazi mbili ambazo mara nyingi hupingana. Kazi ya kwanza ni kusogea. Ya pili ni kushika, yaani kubeba uzito bila ya kuponyoka. Mwenyezi Mungu hakuvigawia viungo vyote sehemu sawa za kazi hizo. Nyonga imekaa ndani kabisa, kama mchi katika kinu. Inashika sana na haitenguki kwa urahisi. Bega, kwa upande mwingine, ni kama mpira uliowekwa juu ya kisosi. Linazunguka kila upande, nasi twaweza kurusha jiwe na kujikuna mgongo, lakini ndilo kiungo kikubwa kinachotenguka mara nyingi kuliko vingine vyote. Goti ni mifupa miwili mirefu iliyosimamishwa ncha kwa ncha, na bila ya vifungo vyake lingeanguka mara moja.

Vitu vitatu hukishika kiungo. Cha kwanza ni umbo la mifupa yenyewe. Cha pili ni kano, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Cha tatu ni misuli, pamoja na neva zinazoiamrisha. Umbo la mifupa hulibadilishi kwa mazoezi. Kano zikishanyooka kupita kiasi, ni shida kurudi urefu wake wa kwanza. Kilichobaki ni misuli, na hiyo tu ndiyo unayoweza kuifundisha, uwe na miaka 15 au 75.

Kila aliyewahi kupakia ngamia wakati wa kuhama ataelewa jambo hili upesi. Kamba ikikazwa mno humkata mnyama ngozi, naye hukataa kuinuka. Ikilegezwa mno, mzigo huenda upande mmoja, na kabla ya kufika kisimani vyombo viko chini. Mpakiaji hodari haulizi kama kukaza ni bora kuliko kulegeza. Kwanza huishika kamba aone ilivyo. Sisi na viungo vyetu hatufanyi hivyo. Tumesikia kwamba kunyoosha viungo ni afya, basi tunamnyoosha kila mtu. Tumesikia kwamba kupumzika ni tiba, basi tunampumzisha kila mtu.

Tuanze na vijana. Jioni ukipita karibu na uwanja wowote wa mpira utaona timu imesimama duara, kila mchezaji amevuta mguu wake nyuma, au ameinama kugusa vidole vya miguu huku akihesabu. Wanaamini kwamba hivyo wanajikinga na majeraha. Mwaka 2000 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa kuruta 1,538 wa jeshi. Nusu walinyoosha misuli ya miguu kabla ya mazoezi, nusu hawakunyoosha. Mwishowe, tofauti ya majeraha kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya maana. Sisemi kwamba kunyoosha ni kubaya. Kunamfaa aliyekaza. Lakini si hirizi ya kumkinga mchezaji.

Kinachomkinga ni misuli iliyofundishwa kushika. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilieleza jaribio lililofanywa Norway kwa wasichana 1,892 wanaocheza kandanda, wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Kundi moja lilipasha mwili moto kwa mpango ambao siku hizi unajulikana kama FIFA 11+: kukimbia polepole, kisha kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa vizuri, halafu kukimbia kwa kasi. Kazi yote ni dakika 20. Katika kundi hilo majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Vifaa vinavyohitajika ni mpira na alama chache za kupanga chini. Hapa Merti alama ni mawe, na mawe tunayo.

Turudi kwa winga wetu. Kwa nini kifundo kilichoteguka mara moja huteguka tena na tena? Ndani ya kano mna neva ndogo ambazo kazi yake ni kuupasha ubongo habari: mguu umekaa hivi, umeinama vile. Kano zikichanika, habari hizo huchelewa. Mchezaji anakanyaga shimo, mguu unaanza kupinda, na misuli inaamka baadaye, wakati mambo yameshaharibika. Uvimbe ukiisha anadhani amepona, anarudi uwanjani na kifundo ambacho hakijui kilipo. Hapo tena ndipo wenzake wanapomvuta.

Aliyeteguka apumzishe mguu siku chache za mwanzo, aufunge kwa bendeji, auinue, na apoze uvimbe kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Akiweza kukanyaga, aanze kutembea taratibu. Kisha aanze darasa la kifundo: kusimama kwa mguu ulioumia kwa nusu dakika, mara tatu, asubuhi na jioni, akiwa karibu na ukuta wa kushikilia. Ikiwa rahisi, afumbe macho. Ikiwa rahisi tena, asimame kwenye mchanga. Baada ya hapo ainuke kwa vidole vya miguu mara 15, kwanza miguu miwili, halafu mmoja. Afanye hivyo kwa majuma sita au zaidi, hata kama maumivu yalikwisha zamani. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba mazoezi ya namna hii hupunguza kuteguka tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na wale wanaovuta? Nawaheshimu wazee wetu wanaojua kuunga mifupa. Wengine wana mikono yenye uzoefu mkubwa. Lakini kifundo kilichovimba hakivutwi. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni mwaka 1992 ambayo yeyote anaweza kuikumbuka. Ikiwa mtu hawezi kupiga hatua nne, au anaumia ukimbonyeza mfupa wenyewe, nyuma ya kile kinundu cha upande wa ndani au wa nje wa kifundo, huenda mfupa umevunjika na anahitaji kupigwa picha. Huyo asivutwe na mtu yeyote. Afungwe kwa ubao na kupelekwa hospitali.

Sasa tuje kwa wazee, ambako mimi mwenyewe nilikosea. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu, ule utando mweupe, laini, unaoteleza. Kwa mtu mzima gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kinaposogea na kubanwa. Goti lisilokunjwa ni goti lenye njaa. Isitoshe, misuli ya paja isipotumika hunyauka upesi, na ikinyauka uzito wote huangukia mifupa. Maumivu yanazidi, mzee anakaa zaidi, misuli inanyauka zaidi. Kamba inakaza na mzigo unayumba kwa wakati mmoja.

Vidonge navyo si vitu vya mchezo. Dawa kama diclofenac na ibuprofen hutuliza maumivu, lakini zikimezwa kwa miezi mingi huweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Hatari ya figo huzidi mwili ukikosa maji, na katika joto letu hilo ni jambo la kila siku.

Niliketi na yule mzee nikaanza upya. Nilimwonyesha mambo manne. Akae kwenye kigoda na kunyoosha goti mpaka paja likaze, ahesabu tano, alishushe. Mara kumi kila mguu. Akae mkekani, miguu imenyooka, avute kisigino kuelekea makalio mpaka pale penye mvutano bila ya maumivu makali. Ainuke kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono na kukaa polepole, mara kumi. Mwisho, asimame kwa mguu mmoja akishika fimbo yake. Kila siku, kabla ya adhuhuri. Nilimwandikia kwenye karatasi ya dawa, kama ninavyoandika vidonge, pamoja na idadi na saa.

Kuhusu maumivu nilimpa kanuni hii: maumivu kidogo wakati wa zoezi si adui. Yakiwa yametulia kufikia asubuhi ya pili, aendelee. Goti likivimba au maumivu yakikesha, apunguze nusu, asiache.

Wengi huniambia, "Daktari, sisi tunatembea mchana kutwa na mifugo. Mazoezi ya nini tena?" Ni swali la haki. Kutembea kunafaa sana moyo na mapafu. Lakini ukitembea, goti hukunjwa kidogo tu na mwili huenda mbele tu. Hujawahi kulifikisha mwisho wa mkunjo wake, wala hujaifundisha misuli ya ubavu wa nyonga kukushika unapoyumba kando. Ndiyo maana mtu aweza kutembea kilomita 20 na bado akaanguka akipanda kijito kikavu. Hata Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, pamoja na kilomita zote anazokimbia, hutenga wakati wa kuimarisha makalio, kiuno na viungo kwa mazoezi mepesi ya mpira wa kuvuta.

Siwezi kufunga mada hii bila kuwataja akina mama. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, nao hufungwa kamba na kupandishwa mgongoni. Wakati wa ukame mkubwa ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, safari za maji zilirefuka na mizigo haikupungua. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa wanawake wa Kiluo na Kikuyu waliozoea mizigo. Waligundua kwamba walibeba hata sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili wao bila ya kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Ni sifa kubwa kwa mama zetu. Lakini ile ilikuwa hesabu ya nguvu zinazotumika, si ya magoti na uti wa mgongo. Na kwa mama mwenye uzito wa kilo 50, sehemu moja kwa tano ni kilo 10, yaani nusu ya mtungi.

Zaidi ya hayo, wakati wa mimba kano za mwili hulegea, hasa za nyonga na kiuno, ili mtoto apate njia. Mama mjamzito anayebeba mtungi anabeba mzigo kwa kamba zilizolegezwa. Huyo hahitaji kuambiwa anyooshe mgongo; anahitaji punda, toroli, au mume na vijana wa nyumba hiyo wachukue kamba. Nasema hivi bila ya kumung'unya maneno, maana nimewaona wake wakiinama chini ya mtungi huku wanaume wenye afya wamekaa kivulini wakiongea juu ya maumivu yao ya mgongo.

Utajuaje basi upande wako? Yako majaribio matatu unayoweza kufanya nyumbani leo.

La kwanza, jaribu kukunja kidole gumba mpaka kiguse mkono kwa upande wa ndani, kisha nyoosha kiwiko na goti utazame kama vinapinda kinyume. Ikiwa vyote vyafanya hivyo, huenda umezaliwa na viungo vilivyolegea. Usitafute kunyooka zaidi. Tafuta nguvu.

La pili, simama mbele ya ukuta, kidole kikubwa cha mguu kikiwa umbali wa upana wa kiganja kutoka ukutani, sentimita 10 hivi. Kunja goti liguse ukuta bila ya kisigino kuinuka. Usipoweza, kifundo chako kimekaza, na kwako kunyoosha ni dawa: fanya zoezi hilohilo kila siku, ukisogea kidogo kidogo.

La tatu, simama kwa mguu mmoja bila kushika kitu, mtu akiwa karibu nawe. Utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuatilia watu wapatao 1,700 wa miaka 51 hadi 75, ulionyesha kwamba mmoja kati ya watano hakuweza kufikisha sekunde 10, na waliotoshindwa walifariki kwa uwiano mdogo kuliko walioshindwa katika miaka iliyofuata. Mguu mmoja hauui mtu. Lakini ni dalili ya nguvu iliyopungua, na nguvu hurudishwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mwenye miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili angalau siku tatu kwa juma.

Kuna wanaopaswa kumwona daktari kabla ya lolote: mwenye kiungo kilichovimba na kuwaka moto pamoja na homa, mwenye bega lililowahi kutenguka, mwenye ganzi au udhaifu wa mguu, na aliyeanguka akashindwa kusimama.

Ombi langu ni dogo. Makocha na walimu wa michezo, badilisheni lile duara la kuvutana kwa dakika 20 za kazi. Sisi wa hospitali, tuandike mazoezi kama tuandikavyo dawa, badala ya kuandika "pumzika" kwa sababu foleni ni ndefu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023, waongeze katika ziara zao lile jaribio la mguu mmoja; halihitaji kifaa chochote. Nanyi watoto wenye wazazi wazee, msiwanyang'anye kila kazi kwa jina la heshima. Mwachieni mzee wenu aende mwenyewe zizini.

Kijana wangu alirudi uwanjani baada ya miezi miwili, akiwa amekasirika kwa kucheleweshwa. Msimu uliofuata hakuteguka. Mzee naye alikuja baada ya majuma kumi. Masuala ya ibada nawaachia masheikh, na dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kusali amekaa. Mimi nazungumzia goti tu. Aliniambia kwamba sasa anasujudu kwa sala nyingi, akiweka blanketi iliyokunjwa chini ya magoti, ila alfajiri ya baridi bado anatumia kiti. Vidonge amepunguza. Kisha akaniomba ile karatasi niiandike tena, maana ya kwanza mkewe aliichukua.